Waliokwenda na Waliobaki: Jinsi Waelfi wa Tolkien Walivyogawanyika

Mnamo 1220 hivi, katika kisiwa cha Iceland, bwana mmoja mwenye cheo, mali na maadui wengi aliandika kitabu cha kuwafundisha washairi vijana visa vya miungu ya kale ya kaskazini. Jina lake Snorri Sturluson. Ukristo ulikuwa umekwisha kukaa kisiwani kwa zaidi ya karne mbili, na visa hivyo vilikuwa vinaanza kusahaulika. Ndani ya kitabu hicho, kiitwacho Edda, Snorri anagusia viumbe waitwao Waelfi. Anasema wako Waelfi wa Nuru, ambao sura zao zinang'aa kuliko jua, na wako Waelfi wa Giza, wakaao chini ya ardhi, weusi kuliko lami. Mbele kidogo anataja Waelfi Weusi, na hao wanaonekana kuwa sawa na vibete, wale wahunzi wa chini ya milima. Je, wa Giza na Weusi ni wamoja? Na vibete ni nani basi? Snorri hakusema. Aliendelea na habari zake, na mwaka 1241 wapinzani wake wakamuua nyumbani kwake.

Fundo hilo liliwasumbua wasomi wa karne ya 19. Jacob Grimm, yule Mjerumani wa ngano, alipendekeza kwamba Waelfi wa Giza hawakuwa weusi kabisa, bali wa rangi iliyofifia, kwa hiyo makundi yalikuwa matatu. Wenzake wakabishana naye. Wote hata hivyo walikubaliana, pasipo kusema, kwamba hili lilikuwa suala la rangi na aina: viumbe namna hii hapa, viumbe namna ile pale.

Mtu aliyekuja na jibu tofauti hakuliandika kama makala ya chuo kikuu. Alitunga historia. Mtafiti Tom Shippey ndiye aliyeonyesha vizuri uhusiano huu, na mimi nakubaliana naye: makabila ya Waelfi katika vitabu vya Tolkien, pamoja na mambo mengine, ni jibu la msomi kwa swali la Snorri. Nuru na giza si ngozi. Ni kumbukumbu ya nani alisafiri na nani hakusafiri.

John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa Bloemfontein, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, tarehe 3 Januari 1892, akapelekwa Uingereza na mama yake akiwa na miaka mitatu. Alipokuwa mwanafunzi wa Oxford alikutana na kitabu cha sarufi ya Kifini, akakipenda hadi masomo yake rasmi yakayumba. Kutokana na mapenzi hayo alianza kubuni lugha yake mwenyewe, Kiquenya. Nyingine akaibuni kwa kufuata mlio wa Kiwelisi. Historia ya Waelfi inaanzia hapo, kwenye daftari la sauti na vitenzi, kabla ya kuwapo mfalme yeyote au vita vyovyote. Lugha inadai wasemaji. Lugha mbili zenye asili moja zinadai zaidi: wasemaji wake waliachana lini, wapi, na waligombania nini? Tolkien, aliyekuwa profesa Oxford kuanzia 1925, alifundisha jinsi Kiingereza na ndugu zake wa kaskazini walivyotengana kwa sababu watu walihama. Kwa hiyo kila alipobadilisha sauti moja katika lugha za Waelfi, ilimbidi ahamishe watu.

Visa vyenyewe alianza kuviandika kati ya mwisho wa 1916 na mwanzo wa 1917, baada ya kurudishwa kutoka vita vya Somme akiwa na homa ya mahandaki, ile inayoenezwa na chawa. Hakuvimaliza mpaka alipofariki tarehe 2 Septemba 1973. Majina yalihamahama mikononi mwake: katika rasimu za mwanzo kabila la kwanza ndilo lililoitwa Wateleri, kisha jina hilo likashushwa hadi kabila la tatu, na kabila la kwanza likapewa jina jingine na tena jingine. Mwanawe, Christopher, ndiye aliyeyapanga maandishi hayo na kutoa kitabu cha The Silmarillion mwaka 1977, kisha juzuu 12 za rasimu na maelezo kati ya 1983 na 1996. Ninayoyasimulia yanafuata zaidi kitabu cha 1977. Pale rasimu zilipo na utamu zaidi, nimechota huko.

Waelfi waliamka kando ya Cuiviénen, ghuba ya bahari ya ndani iliyokuwa mashariki ya mbali ya Dunia ya Kati. Hakukuwa na jua wala mwezi. Kitu cha kwanza walichokiona walipofumbua macho ni nyota, na cha kwanza walichokisikia ni maji yakiporomoka juu ya mawe. Walijiita Quendi, maana yake wenye kusema, kwa kuwa walikuwa hawajakutana na kiumbe mwingine aliyesema.

Kuna kisa kifupi juu ya asubuhi hiyo, kama tunaweza kuiita asubuhi, ambacho Tolkien alikiandika uzeeni na ambacho hakikuchapishwa hadi 1994. Alikitunga kana kwamba ni hadithi ya Waelfi ya kuwafundishia watoto wao kuhesabu. Watatu waliamka kwanza: Imin, Tata na Enel. Kila mmoja alimkuta mke amelala ubavuni pake. Hao sita walipoanza kutembea msituni waliwakuta Waelfi jozi sita. Imin, aliyetangulia kuamka, akadai haki ya mkubwa: hawa ni watu wangu. Wakaenda mbele, wakakuta jozi tisa, Tata akazichukua. Kisha jozi 12, zikawa za Enel. Sasa walikuwa watu 60. Walipokuta jozi 18, zamu ilirudi kwa Imin. Lakini Imin alikuwa amekwisha kuona kwamba kila kundi jipya ni kubwa kuliko lililotangulia, naye akapiga hesabu kuwa atakayengoja atapata zaidi. Akasema atasubiri. Tata akazichukua zile 18. Zikaja jozi 24. Imin akasubiri tena, Enel akazichukua. Wakatembea mwendo mrefu baada ya hapo, na hawakumkuta mtu mwingine hata mmoja.

Basi Imin alibaki na watu 14, yeye na mkewe wakiwamo. Tata alikuwa na 56 na Enel 74. Jumla yao ni 144, yaani 12 mara 12, kwa kuwa Waelfi walihesabu kwa kumi na mbili. Katika kurasa zote elfu na kitu za Tolkien juu ya Waelfi, hiki ndicho kipande ninachokirudia mara nyingi. Kabila ambalo baadaye lilihesabiwa kuwa tukufu kuliko yote lilikuwa dogo kuliko yote, na lilikuwa dogo kwa sababu mwenye haki ya kuchagua kwanza alitaka kuchagua vizuri mno.

Hayo ndiyo makundi matatu ya mwanzo. Watu wa Imin walikuja kuitwa Wavanyar, wenye nywele za dhahabu. Wa Tata walikuja kuwa Wanoldor, watu wa ufundi, wa vito, wa kutaka kujua. Wa Enel walikuwa Wateleri, waimbaji na wapenda maji. Mpaka hapo hakuna mgawanyiko wowote wenye uchungu. Ni koo tatu zinazoishi ufukwe mmoja.

Uchungu ulianza na hofu. Melkor, yule mwovu aliyeasi tangu kuumbwa kwa dunia, aliwagundua Waelfi kabla ya wengine. Watu waliokwenda mbali na kambi wakawa hawarudi, na wazee wakasimulia juu ya mpanda farasi mweusi anayewinda gizani. Kwa hiyo Oromë, mmoja wa Valar, wakuu wa kimungu walioitunza dunia, alipowakuta akiwa juu ya farasi wake mkubwa, wengine walikimbia na kujificha. Adui alikuwa amekwisha kumharibia jina mgeni mwema kabla hajafika.

Valar walimpiga vita Melkor na kumfunga minyororo. Kisha wakafanya baraza: Waelfi waachwe walipo, au waitwe waje kukaa salama magharibi, ng'ambo ya bahari, katika nchi ya Valinor yenye Miti Miwili inayotoa nuru? Ulmo, bwana wa maji, alipinga wasiitwe. Wengi wakamshinda. Simulizi lenyewe linasema bila kuficha kwamba wito huo ulizaa misiba mingi, na ni jambo la kuheshimika kwa mwandishi aliyekuwa Mkatoliki wa dhati kuwaacha wakuu wake wa mbinguni wakosee kwa wema.

Waelfi waliogopa wito. Wakachaguliwa wajumbe watatu waende wakaone kwanza: Ingwë, Finwë na Elwë. Walikwenda, wakaiona nuru ya Miti, wakarudi wakiwa watu wengine, wakawasihi ndugu zao wafunge safari. Hapo ndipo mgawanyiko wa kwanza ulipotokea. Wavanyar waliondoka wote, hakubaki hata mmoja. Wanoldor waligawanyika nusu kwa nusu. Wateleri walio wengi walikwenda, lakini kwa kusitasita. Tolkien aliugawa umati huo kwa kipimo kile kile cha hadithi ya kuhesabu: katika kila sehemu 144 za Waelfi, 56 zilikataa kuondoka. Ni zaidi ya theluthi moja ya watu wote. Waliokataa waliitwa Waavari, wagomaji. Jina hilo walipewa na waliokwenda.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu na haikuwa na haraka. Waelfi hawazeeki, na mara nyingi walisimama kwa miaka mahali palipowapendeza. Wavanyar walitangulia, Wanoldor wakafuata, Wateleri wakajikokota nyuma, wengi mno kiasi kwamba walihitaji viongozi wawili: Elwë na nduguye Olwë. Walipofika mto mkubwa wa Anduin na kuiona Milima ya Ukungu mbele yao, mirefu na ya kutisha, mtu mmoja wa kabila hilo aitwaye Lenwë aliwageuza watu wake kusini wakafuata mto. Hao ni Wanandor. Hawakugombana na mtu. Waliona mlima, wakaona pia bonde zuri, wakachagua bonde.

Waliovuka waliingia Beleriand, nchi ya pwani ya magharibi. Huko Elwë alipita msitu wa Nan Elmoth peke yake, akasikia ndege wa usiku wakiimba, na katikati ya sauti zao sauti ya Melian, mmoja wa wahudumu wa Valar. Alimsogelea, akamshika mkono, na wakasimama hivyo wakitazamana miaka mingi huku miti ikikua na kuwa mikubwa kuwazunguka. Watu wake walimtafuta wasimwone. Wakati huo Ulmo alikuwa ameng'oa kisiwa kizima na kukifanya chombo cha kuvukia, akawabeba Wavanyar na Wanoldor hadi ng'ambo. Aliporudi kuwachukua Wateleri, baadhi walikubali kwenda na Olwë. Baadhi walishawishiwa na Ossë, mtumishi wa Ulmo aliyependa pwani ile, wakabaki ufukweni chini ya Círdan, mjenzi wa merikebu. Na baadhi hawakukubali kuondoka bila mfalme wao. Hao walijiita watu walioachwa. Waliishi msituni wakimsubiri mtu ambaye hawakujua kama yuko hai.

Elwë akarudi hatimaye, mkewe mkononi, akiwa na jina jipya, Thingol. Akawatawala waliomngoja, na hao pamoja na watu wa Círdan ndio Wasindar, Waelfi wa Kijivu. Ukirudi kwenye kipimo cha 144, waliofika Valinor kutoka kabila la Enel ni sehemu 20 tu kati ya 74. Kabila kubwa kuliko yote lilitapakaa njia nzima kuanzia Cuiviénen hadi baharini, wengine kwa woga, wengine kwa kupenda mto, wengine kwa uaminifu kwa kiongozi aliyepotea kwa ajili ya mapenzi.

Sasa tunaweza kumjibu Snorri. Walioiona nuru ya Miti Miwili waliitwa Waelfi wa Nuru. Wasioiona, wawe Waavari, Wanandor au Wasindar, waliitwa Waelfi wa Giza. Mistari ya makundi haya haifuati damu. Thingol na Olwë ni ndugu wa tumbo moja, na watu wa mmoja ni wa Nuru na watu wa mwingine ni wa Giza. Thingol mwenyewe ni wa Nuru, maana alikwenda kule kama mjumbe, huku raia zake karibu wote wakihesabiwa upande wa pili. Hata ule mkanganyiko wa Waelfi Weusi na vibete umepewa mtu wa kuubeba: Eöl, mhunzi wa kutisha aliyeishi kwenye kivuli cha Nan Elmoth, aliyejifunza ufuaji kwa vibete na kupenda kukaa nao. Watu walimwita Mwelfi wa Giza, na Tolkien anasisitiza kwamba alikuwa mrefu, wa ukoo bora wa Wateleri. Unaweza kumwona Snorri miaka 700 nyuma akisikia habari za mtu kama huyo kwa mapokeo yaliyochakaa, akaandika weusi kuliko lami.

Ng'ambo ya bahari mambo yalikwenda vizuri kwa muda mrefu, kisha yakaharibika nyumbani kwa mtu mmoja. Finwë, mfalme wa Wanoldor, alimwoa Míriel, fundi mkubwa wa kushona na kutarizi. Míriel alimzaa Fëanor, na uzazi huo ulimmaliza nguvu kiasi kwamba alitamani kupumzika, akafa. Kifo katika nchi isiyo na kifo. Finwë akaoa tena, akamchukua Indis wa Wavanyar, akazaa naye Fingolfin na Finarfin. Mpasuko wa Wanoldor wote umetoka kwenye ndoa hiyo ya pili, na katika insha moja ya 1968 Tolkien aliufuatilia hadi kwenye sauti moja ya mdomoni.

Wanoldor walikuwa wanaanza kuitamka th kuwa s. Jina la sifa la Míriel lilikuwa na sauti hiyo: Therindë, mshonaji, likawa Serindë. Míriel mwenyewe aliipenda th na hakutaka ibadilishwe. Baada ya kufa kwake, Fëanor alishikilia th kama urithi, akawafundisha wanawe saba waishikilie, na akamwona kila anayesema s kuwa anamdharau mama yake. Indis, kwa heshima ya watu alioolewa kwao, alitamka s. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapa. Anamjua anayesema thelathini na anayesema selasini, na anajua kicheko kidogo kinachofuata.

Yaliyobaki yanajulikana zaidi, nayapitia kwa haraka. Fëanor alitengeneza vito vitatu, Silmaril, akafungia ndani yake nuru ya Miti. Melkor, aliyekuwa ameachiwa huru, aliiua Miti, akamuua Finwë, akaviiba vito na kukimbilia Dunia ya Kati. Fëanor na wanawe wakala kiapo kibaya cha kumwandama yeyote atakayevishika. Ili wavuke bahari walihitaji merikebu, na merikebu walikuwa nazo watu wa Olwë, wale Wateleri wachache waliofika, katika bandari yao ya Alqualondë. Olwë alikataa kuwapa. Wanoldor wakazichukua kwa upanga. Ndivyo Waelfi walivyouana kwa mara ya kwanza, na waliouawa ni wale waliochelewa kufika kuliko wote. Finarfin alipolaaniwa pamoja na wenzake alitubu, akarudi. Fëanor alivuka na wanawe, kisha akazichoma merikebu asimrudie Fingolfin aliyebaki nyuma. Fingolfin akavuka kwa miguu juu ya barafu ya Helcaraxë, wengi wakafia njiani. Watu wa baba mmoja walifika Beleriand wakiwa kambi mbili, na ziwa likiwa katikati yao.

Walifika nchi ya nani? Ya Thingol, kaka yake Olwë. Wageni hawakumwambia kwa miaka mingi ndugu zake walifanywa nini bandarini. Habari zilipomfikia hakutangaza vita. Alipiga marufuku lugha: hakuna Msindar atakayezungumza Kiquenya wala kujibu akisemeshwa Kiquenya. Wanoldor, washindi wenye silaha bora na elimu kubwa, wakajikuta wanalazimika kujifunza lugha ya wenyeji, na Kiquenya kikabaki lugha ya vitabu na sherehe.

Nyuma ya marufuku hiyo kuna jambo la mezani kwa mwandishi. Kwa zaidi ya miaka 30 lugha ile yenye mlio wa Kiwelisi ilikuwa ya Wanoldor, na Tolkien alikuwa akihangaika kueleza jinsi watu walioishi pamoja na Wavanyar walivyokuja kuwa na lugha tofauti kiasi kile. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, alipokuwa akikamilisha The Lord of the Rings, aliigeuza: lugha si yao kabisa, ni ya Wasindar, nao waliichukua ugenini. Kwa uamuzi huo mmoja Wasindar, waliokuwa watu wa pembeni, wakapata sauti. Majina tunayoyajua kama Legolas, Galadriel, na hata Fëanor kwa sehemu, yote yamevaa mavazi ya lugha ya watu waliobaki.

Beleriand ilizama katika vita vya mwisho dhidi ya Melkor. Waliosalia walitawanyika, na hapo makabila yalianza kuchanganyika upya. Mabwana wachache wa Kisindar walikwenda mashariki, wakajifanya wafalme wa Waelfi wa Misitu, uzao wa wale Wanandor waliochagua bonde. Mmoja wao ni Oropher. Hakutaka tena kuwa karibu na Wanoldor, wala kuwa chini yao. Katika Vita vya Muungano wa Mwisho dhidi ya Sauron, aliyekuwa mtumishi wa Melkor, jemadari mkuu alikuwa Gil-galad, mfalme wa Wanoldor. Oropher, kwa kutotaka kuamriwa na mtu huyo, aliwaongoza watu wake kushambulia kabla ishara haijatolewa. Walikuwa na silaha duni. Aliuawa, na mwanawe Thranduil alirudi nyumbani na wasiofika hata theluthi moja ya jeshi. Waelfi wa Misitu, watu ambao mababu zao hawakuwahi kuiona Alqualondë, walikufa kwa ugomvi ulioanzia huko. Legolas, anayependwa na watazamaji wa sinema, ni mjukuu wa Oropher.

Mwaka 1974 ulitoka mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, na ukawaeneza Waelfi kote duniani. Baada ya muda mchezaji aliweza kuchagua Mwelfi wa Juu au Mwelfi wa Misitu, kila mmoja na nguvu zake zilizoandikwa kwenye jedwali. Mwaka 1978 wakaingia wale wa chini ya ardhi, waovu, wenye ngozi nyeusi. Michezo hiyo ina raha yake na sitaki kumnyang'anya mtu. Lakini ilichukua majina ikaacha sababu zake. Jedwali linasema Mwelfi wa Misitu ni mwepesi wa miguu. Halisemi kwamba babu yake aliuangalia mlima akageuka. Na lile kosa la kusoma giza kama rangi ya ngozi, ambalo Tolkien alikuwa ameliepuka, likarudishwa sebuleni, likachapishwa mara nyingi kuliko kitabu chochote cha Grimm.

Kuna watu ambao nimewataja kwa kupita tu, kwa sababu Tolkien naye hakuwataja zaidi: Waavari. Theluthi na ushee ya watu wote, waliokaa kwao, hawakuandika historia iliyotufikia. Kila tunachokijua kuwahusu kimeandikwa na waliokwenda, na kimeandikwa kwa dharau kidogo. Kitu kimoja kimeponea. Katika insha ya karibu 1960 Tolkien aliorodhesha majina sita ambayo makabila yao yalijiita: Kindi, Cuind, Hwenti, Windan, Kinn-lai na Penni. Yote sita yamechipuka kwenye shina lile lile la Quendi, jina la kwanza kabisa, la kando ya maji. Waelfi wengine walijipa majina ya safari, ya nuru na ya nchi mpya. Hawa waliendelea kujiita Waelfi tu.

Anayetaka kuyasoma haya mwenyewe asihangaike na kurasa za mwanzo za The Silmarillion, ambazo zimewafukuza wasomaji wengi. Aanze sura ya tatu ya Quenta Silmarillion, sehemu kuu ya kitabu hicho, hadi ya tano, na kidole kiwe kwenye mchoro wa mgawanyiko wa Waelfi ulio mwishoni mwa kitabu. Kisha atafute juzuu ya 11 ya Christopher, The War of the Jewels, ambamo mna hadithi ya Imin na yale majina sita.